Mbegu za Biringanya, Mwaka Usio na Moshi

Jumatano, tarehe 1 mwezi wa sita 1994. Kambi ya Panda, Likasi.

Miaka ishirini na tisa na miezi saba tangu tuondoke kwetu Marungu. Nimehesabu mara mbili. Tulitoka mwezi wa kumi na moja 1964, tukikimbia vita: mimi, mke wangu Anastazia, na binti yetu Godelieva mgongoni mwa mama yake.

Asubuhi hii mafuta ya mawese yameganda hadi mabega ya chupa. Sina kipimajoto kingine. Yakiganda chini tu, baridi ni ya kawaida. Yakipanda mabegani, hakuna mbegu ya biringanya itakayoota bila moto.

Jaribio limekwisha. Mbegu kumi, kitambaa chenye maji, siku kumi na mbili karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Zimeota nne. Nilizikausha 1991. Mwaka 1992 na 1993 sikupanda. Mji ulikuwa umegeuka, majirani wa Kasai wanafukuzwa, nani alikuwa na akili ya bustani. Mwaka ujao huenda isiote hata moja. Zimebaki sitini na moja. Basi ni mwaka huu, na ni zote.

Biringanya zenyewe ni ndogo, nyeupe, zenye mistari ya zambarau, chungu kidogo. Anastazia alizitoa kwao zikiwa zimefungwa katika ncha ya kitenge. Tangu afariki, miaka mitano sasa, nazitunza mimi. Hapa sijaziona kwa mtu mwingine.

Ijumaa, 3/6

Nimesoma tena barua ya Kizito, mdogo wangu. Ilifika wakati wa Pasaka kwa mkono wa mchuuzi wa samaki. Shamba la baba litagawanywa. Sehemu yangu itaningoja hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo hawezi kuwazuia wengine. Ananikumbusha jambo ambalo sijalisahau. Katika ukoo wetu anayerudi baada ya miaka mingi hutia ardhini mbegu aliyoivuna mwaka huohuo na kuja nayo mwenyewe, wazee wakitazama. Asiyekuja na mbegu hupokewa vizuri. Hupewa kitanda, huchinjiwa kuku. Lakini ni mgeni. Hapewi jembe.

Anasema hata kule biringanya za Anastazia zimekwisha.

Nina miaka sabini na mmoja. Sitaki kufa nikiwa mgeni mahali nilipozaliwa.

Hesabu, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kufika kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Safari ya malori, wiki tatu. Kukausha mbegu, wiki moja. Tunda likomae hadi ligeuke njano, siku tisini tangu mche uingie bustanini. Kwa hiyo mche uingie bustanini wiki ya mwisho ya mwezi wa saba. Kabla ya hapo wiki saba ndani ya nyumba. Basi siku ya kupanda ni Jumapili hii. Zinabaki siku kama kumi za ajali.

Daftari langu la bustani linasema vivyo hivyo. Tangu 1965: wiki ya kwanza ya mwezi wa sita ndani, wiki ya mwisho ya mwezi wa saba nje. Baridi haijaniulia mche wa biringanya hata mmoja pale bondeni.

Jioni nilisimama mlangoni. Tanuru za kiwanda hazijawaka tangu mwezi wa pili. Bomba la moshi limesimama tu. Nyota nyingi mno, sijapata kuziona hivyo juu ya Panda. Nilizitazama kwa furaha. Niandike hivyo, maana furaha ni chache.

Jumapili, 5/6

Baada ya misa nimepanda. Makopo manne ya maziwa ya unga, yaliyotobolewa chini kwa msumari. Udongo wa kichuguu, mchanga wa mto, majivu kidogo. Kwanza nikaukaanga udongo katika sufuria kuua vijidudu. Godelieva akaniuliza kama tutaula na mboga ya sombe.

Mbegu sitini na moja. Kila moja kina cha ukucha. Makopo yako juu ya ubao, mbabula chini yake.

Alhamisi, 9/6

Moto unawashwa mara moja tu kwa siku, alasiri, tunapopika bukari, ugali wetu. Zamani mume wa Godelieva, Kasongo, alikuwa akileta makala, makaa ya kupikia, gunia kwa gunia. Sasa anaenda kiwandani kila asubuhi, anatia sahihi, anakaa kivulini na wenzake, anarudi. Hakuna kazi. Anasema tanuru zitawashwa tu. Amekwisha kusema hivyo mara nyingi.

Usiku makopo ni baridi kama jiwe. Nimeomba makala mawili matatu yaachwe hadi wakati wa kulala.

"Baba," Godelieva akasema, "minye siwezi kupikia biringanya. Haina hata kinywa."

Anasema kweli. Nimekasirika hata hivyo.

Jumatatu, 13/6

Nimepata njia. Makopo nayafunika kwa gazeti, nalala nayo ndani ya blanketi, mawili kila upande wa miguu. Sijigeuzi. Asubuhi kiuno kinauma, lakini udongo ni vuguvugu.

Godelieva aliyaona akitandika.

"Majirani batasema muzee iko na bibi mupya, analala naye mu kopo."

"Ni bibi yuleyule," nilimjibu.

Aliendelea kutandika. Nilijuta kusema.

Jumapili, 19/6

Zimeota ishirini na tatu. Vichwa vimeinama, bado vimevaa ganda la mbegu. Nilivihesabu nikiwa nimepiga magoti, na magoti hayakutaka kunyanyuka. Sikwenda misa. Siombi msamaha.

Jumamosi, 25/6

Nne zimeoza shingoni. Nimepunguza maji. Kumi na tisa.

Jumamosi, 2/7

Sokoni. Nilikwenda kutafuta samadi kwa Mama Kalenga, yule mwanamke wa kijiji cha upande wa Buluo anayeuza mboga na miche. Tunafahamiana kwa miaka mingi, kwa maneno machache. Leo yalikuwa mengi.

"Muzee, unatoa miche inje lini?"

"Tarehe ishirini na nne."

"Ya mwezi gani?"

"Huu."

Alitua fungu la mchicha wa lengalenga alilokuwa akilifunga. "Baridi itakula yote kabla ya weye kuonja. Siye ba ku Buluo tunangojaka mupaka katikati ya mwezi wa munane."

Nikamwambia Panda si Buluo. Kwetu ni mwezi wa saba, tangu zamani.

"Ninyi ba Panda mulikuwaka na blanketi."

"Blanketi gani?"

"Ile moshi, Muzee. Ilikuwa inafunika bonde yenu usiku. Sasa iko wapi?"

Nilimwambia nina daftari la miaka ishirini na tisa, kila tarehe imeandikwa.

"Daftari haisikiaka baridi," akasema, akaendelea kufunga lengalenga. Wanawake wa meza ya pili walicheka.

Nimerudi nimeudhika. Mwanamke asiyejua kusoma ananifundisha kalenda. Nimeliandika hilo na nitaliacha lilivyo, ingawa halinipendezi.

Jumatatu, 4/7

Nimefanya hesabu yake, kwa haki tu. Miche nje katikati ya mwezi wa nane. Tunda lililokomaa, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Kukausha, kusafiri. Nitafika Marungu wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, na shamba lina wenyewe.

Kwa hiyo Mama Kalenga amekosea. Hapana. Kwa hiyo sitaki Mama Kalenga awe sahihi. Hayo ni mambo mawili, najua. Nilifundisha watoto wa misheni miaka kumi na minne jinsi ya kuyatenganisha.

Alhamisi, 14/7

Miche ina majani manne ya kweli. Mchana naitoa mlangoni ipate jua, jioni naiingiza. Shina limeanza kuwa na rangi ya zambarau, kama inavyotakiwa.

Godelieva aliniuliza leo, akichambua maharage, bila kuinua macho: "Ukienda, siye tutabaki na nani?"

Nilisema ana mume.

"Mume iko. Minye nimeuliza baba."

Nilikwenda kumwagilia miche ambayo nilikuwa nimekwisha kuimwagilia.

Jumapili, 24/7

Kumi na tisa ziko ardhini. Bustani ya bondeni, matuta mawili, shimo kwa shimo, samadi chini. Kasongo alibeba maji. Tulipomaliza akasema, "Baba, mbili tatu zingebaki mu nyumba."

Nilimwambia mche uliozidi wiki saba ndani ya kopo hunyauka, mizizi imejikunja. Ni kweli. Kilicho kweli zaidi ni kwamba kumwachia Kasongo miwili mitatu kungekuwa kukubali kwamba Mama Kalenga ni sahihi nusu.

Jumatatu, 25/7

Imesimama yote.

Alhamisi, 28/7

Mafuta ya mawese magumu kuanzia shingo ya chupa hadi chini. Kijiti hakiingii. Upepo umetulia tangu mchana. Saa kumi na moja jioni nilikwenda bondeni. Anga jeupe upande wa magharibi, hakuna hata wingu la kufunika kidole. Nilifikiri kuhusu magunia. Yapo manne, wajukuu wanalalia. Nilifikiri pia kuhusu nyasi, ningeweza kukata nyasi na kuifunika miche, mmoja mmoja, ingechukua saa moja. Nilifungua daftari palepale. Mwaka 1971, tarehe 28: "Baridi imekwisha." Mwaka 1980, tarehe 27: "Usiku mwororo." Nikalifunga. Nikapanda kurudi nyumbani.

Ijumaa, 29/7

Nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe. Umande umeganda, unavunjika chini ya kiatu. Majani ya biringanya yalikuwa magumu, yanang'aa, mazuri hata. Jua lilipopanda yakalegea. Saa nne yalikuwa meusi. Kumi na tisa.

Nimekata shina moja moja kwa kisu kutafuta kijani ndani. Hakuna.

Jumamosi, 30/7

Niandike jambo moja ambalo sitalisema kwa mtu. Jana, nikiwa nimesimama mbele ya miche iliyokufa, nilihisi nafuu. Nimeliandika neno hilo, nikalikata, nimeliandika tena. Halikudumu. Labda muda wa kutembea kutoka tuta la kwanza hadi la pili. Baadaye ilikuja huzuni, nayo imekaa.

Lakini nafuu ilifika kwanza.

Jumapili, 31/7

Hapana misa. Hapana kitu.

Alhamisi, 4/8

Nimelisoma daftari lote, tangu ukurasa wa kwanza. Siku mbili. Nilikuwa natafuta kosa, na nimelipata katika mwandiko wangu mwenyewe. Mwaka 1983 tanuru zilizimwa kwa matengenezo, mwezi wa saba mzima. Mwaka huo sikupanda biringanya, Anastazia alikuwa hospitalini. Nimeandika: "Maharage ya bondeni yamechomwa na baridi, tarehe 30. Ajabu. Moshi haupo, anga safi." Mistari miwili mmoja chini ya mwingine. Sikuiunganisha wakati ule. Mwezi uliopita sikuisoma kabisa, kwa sababu nilikuwa nasoma kurasa za biringanya peke yake.

Mama Kalenga alikuwa sahihi. Miaka yote hiyo sikuandika kalenda ya Likasi. Niliandika kalenda ya moshi.

Na tangu juzi nafikiri hivi: kama tarehe za mahali nilipoishi, nilipoamka kila asubuhi kutazama chupa, zimekufa bila mimi kujua, vipi zile za Marungu? Nazijua kwa moyo. Mvua ya kwanza, siku ya kuchoma majani, upepo unaotoka ziwani. Zote ni za mwaka 1964. Hakuna aliyezijaribu kwa niaba yangu.

Jumatatu, 8/8

Baridi. Godelieva ameyarudisha makopo jikoni. Ameyaosha. Hakuniuliza.

Jumamosi, 13/8

Mama Kalenga alikuja nyumbani, beseni kichwani. Godelieva ndiye aliyemwambia, sokoni. Nilitaka kuingia chumbani, nikaona ni utoto.

"Muzee, habari ya daftari?"

"Imekufa."

"Pole. Sikuje kukucheka." Akatua beseni. "Nimecheka kidogo tu mu njia."

Godelieva alicheka hadi akaegemea mlango. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa.

Ndani ya beseni miche kumi na miwili, mizizi imefungwa katika majani ya ndizi. Biringanya za kijani za huku, za duara.

"Hii haiko ya bibi yako," akasema. "Ile siwezi kupata. Hii ni ya kukula tu."

Nilisema sina cha kulipa. Akasema hakuuliza malipo, alikuwa na kazi ya kalamu. Binti yake alipanda treni mwaka jana, yeye na mume wake wa Kasai, walipofukuzwa watu wa huko. Ametuma anwani. Tulikaa uani, nikaandika juu ya goti.

"Andika: mama yako iko muzima, muguu tu ndiyo inauma. Andika: kuku ile nyeusi ilikufa. Andika: kitanda yako nilipatia mutoto wa jirani, alikuwa analala chini. Usikasirike. Ukikuja tutatafuta ingine."

Nilidhani amemaliza. Alikuwa akitazama karatasi kana kwamba maneno yangeweza kutoka yenyewe.

"Mwambie asikuje sasa," akasema. "Minye ninapenda akuje. Lakini andika vile."

Nikaandika hivyo, kwa maneno yake, bila kusahihisha hata neno moja.

Jumatano, 17/8

Miche kumi na miwili ardhini. Nimeifunika kwa nyasi jioni, ingawa Mama Kalenga alisema hakuna haja. Kasongo alinisaidia kukata nyasi. Tulifanya kazi hadi mwisho bila kuzungumza, na haikuwa vibaya.

Jumapili, 11/9

Joto limerudi. Mafuta ni maji matupu, kama chai. Kiwanda kimya. Kasongo bado anatia sahihi.

Nimejaribu mara tatu kumwandikia Kizito. Barua ya kwanza ilisema nitakwenda mwaka ujao. Uongo. Ya pili ilisema mbegu zilikufa kwa baridi na hivyo siwezi. Hiyo ilikuwa kweli kwa kila neno, na uongo kwa jumla. Ningeweza kwenda bila mbegu. Ningekula kuku wa mgeni na kulala vizuri. Wengi wamefanya hivyo, na ardhi haikuwakataa.

Ya tatu sikuimaliza.

Jumatatu, 26/9

Nimeota Marungu. Katika ndoto nilikuwa mlimani, najua njia zote, na kila niliyekutana naye alinisalimu kwa adabu sana. Niliamka nikiwa na huzuni ya ajabu kwa ajili ya ile adabu.

Jumapili, 16/10

Mvua ya kwanza jana alasiri, fupi, nzito, imeacha matone ya udongo kwenye ukuta. Leo hewa imeoshwa. Biringanya zimetoa maua. Godelieva ameninyoa nywele uani, ameniambia nisitikise kichwa, maana mimi si mtoto.

Barua imekwenda, kwa mchuuzi yuleyule wa samaki. Ukurasa mmoja. Nimemwandikia Kizito kwamba sehemu yangu ya shamba apewe Felista, binti yake mkubwa, ambaye ana watoto na ana nguvu, na anajua mvua ya sasa inaanza lini. Nimesema mbegu zimekwisha na kosa ni langu. Nimesema Anastazia amezikwa hapa na Godelieva yuko hapa.

Nimekaa mlangoni hadi jua limeshuka nyuma ya kiwanda. Sina maumivu leo isipokuwa kiuno. Sitarudi Marungu.